Bahasha Inapogoma: Utatuzi wa Matatizo ya Bahasha za Kadi za Mkono

Mtu anayetengeneza kadi za salamu kwa mkono hapa Dar es Salaam kwa kawaida huanza na kadi, huipa muda wake wote, kisha huigeukia bahasha usiku wa mwisho akidhani kwamba kukunja karatasi na kupaka gundi hakuhitaji ujuzi. Ndipo mikunjo inapopasuka, kifuniko kinapokataa kushika, au bahasha nzima inapojipinda kama jani la mwembe lililokauka. Wengi hulaumu mkono wao, na wengine hulaumu gundi na kwenda Kariakoo kununua ya bei kubwa zaidi. Kwa muda ambao nimeifanya kazi hii nimezoea kutafuta kitu kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni maji: maji yaliyomo ndani ya gundi, maji yaliyomo katika hewa ya mji huu wa pwani, na maji ambayo karatasi imekwisha kuyanywa kabla haijafika mezani. Si kila kasoro hutokana nayo, lakini nyingi hutokana nayo, na asiyeyafikiria atabadilisha gundi mara kumi bila kupona.

Ili tuelewane katika maelezo yanayofuata, nitaita kipande cha juu kinachofungwa mwishoni kifuniko, vipande viwili vya pembeni nitaviita mbawa, na kile cha chini kinachopanda juu ya mbawa nitakiita kitako. Mahali ambapo kitako na mbawa hushikana kwa gundi nitapaita maungio.

Kadi haiingii, au inaingia na kucheza ndani

Kosa hili karibu kila mara hutokana na kupima karatasi ya kadi badala ya kuipima kadi yenyewe ikiwa imekwisha kukunjwa na kupambwa. Karatasi ya manila ya A4 ikikatwa katikati hutoa vipande viwili vya A5, na kila kimoja kikikunjwa huwa kadi ya milimita 105 kwa 148, yaani A6. Bahasha za dukani zilizotengenezwa kwa ajili ya kipimo hicho huitwa C6 nazo zina milimita 114 kwa 162, kwa hiyo utaona kwamba hata kiwanda kimeacha nafasi ya kutosha. Kwa bahasha ya mkono mimi huridhika na 112 kwa 155, kwa sababu kadi hutulia vizuri zaidi humo.

Hesabu hiyo ni ya kadi bapa. Ikiwa umebandika ua la kitambaa, kifungo au tabaka kadhaa za manila, pima unene wa kadi mahali palipovimba zaidi, kisha ongeza unene huo kwenye urefu na kwenye upana pia, kwa kuwa bahasha huizunguka kadi pande zote na kila milimita ya unene huliwa na karatasi inayopanda na kushuka. Kadi yenye unene wa milimita 4 isiyoongezewa kitu itaingia kwa kulazimishwa, na itayapasua maungio siku hiyo hiyo au siku ya pili. Kata kwanza bahasha moja ya gazeti na uijaribu. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na itakuonyesha kosa kabla hujagusa karatasi nzuri.

Ikiwa tayari unazo bahasha zilizo kubwa mno, usizitupe. Ingiza nyuma ya kadi kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa kwa kipimo cha ndani ya bahasha, na pembe za kadi hazitachakaa njiani.

Maungio yanafumuka au pembe zina tundu

Hapa hesabu ndiyo dawa, nami naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu nimeona watu wakipaka gundi maradufu mahali ambapo hapakuwa na karatasi ya kupakwa gundi.

Bahasha ya kawaida ya kadi hukatwa kutoka kwenye mraba uliogeuzwa ukasimama kwa pembe yake, mfano wa kipande cha kashata. Kadi hulazwa katikati na pembe nne hukunjwa juu yake. Katika umbo hilo kuna kanuni moja isiyobadilika: ikiwa ulalo wa mraba, yaani mstari unaotoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, ni sawa na urefu wa bahasha ukijumlishwa na upana wake, basi kingo za kitako na za mbawa zitakutana sawasawa bila kupandana hata kidogo. Kwa bahasha yetu ya 112 kwa 155 jumla ni 267, na mraba wenye ulalo huo una upande wa milimita 189 hivi. Anayekata mraba wa 189 atapata bahasha inayopendeza machoni lakini haina mahali pa kushika. Mraba wa milimita 200 una ulalo wa 283, na kingo zake hupandana kwa takribani milimita 11, ambazo zinatosha kabisa. Ukifika 205, kupandana kunakuwa kama milimita 16, na hapo unaweza kutumia hata gundi dhaifu.

Jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka ni kwamba upana wa karatasi ya A4 ni milimita 210, na mraba wa 210 una ulalo wa 297, ambao ndio urefu wenyewe wa A4. Haikutokea hivyo kwa bahati, kwa kuwa karatasi zote za familia ya A zilipangwa kwa uwiano huo ili zikikatwa katikati zibaki na umbo lile lile. Kwa fundi wa bahasha maana yake ni kwamba karatasi moja ya A4 hutoa bahasha moja ya kadi ya A6 bila shida, na hubaki kipande chenye upana wa milimita 87 ambacho hufaa kwa lebo za anwani.

Tundu kwenye pembe husababishwa na mkasi. Baada ya kukunja pande zote nne, kwenye kila kona hubaki kijipande cha pembetatu kati ya mistari miwili ya mikunjo, nacho lazima kiondolewe ili karatasi isijikusanye. Ncha ya mkasi ikivuka mahali mistari inapokutana, hata kwa milimita moja, kona hubaki wazi na gundi haiwezi kuiziba. Simamisha mkasi kabla kidogo ya makutano hayo, na uviringishe ncha ya pengo badala ya kuiacha kali, kwa kuwa mpasuko huanzia kwenye ncha kali.

Kuhusu mpangilio, kunja mbawa kwanza, kisha upandishe kitako juu yake. Gundi ipakwe kwenye kingo za kitako peke yake kwa ukanda wa milimita 5 au 6, na ndani ya bahasha uweke kipande cha karatasi chakavu mpaka ikauke. Asiyefanya hivyo ataikuta bahasha imejishika yenyewe upande wa ndani, na kadi haitapita.

Mkunjo unapasuka au unakataa kunyooka

Chukua mkunjo mbaya, uupeleke dirishani na uutazame kwa karibu. Juu ya mgongo wake utaona rangi imekatika vipande vipande, na katikati ya nyufa hizo nyuzi nyeupe zimesimama kama manyoya ya kitambaa kilichochanika. Mkunjo mzuri wa karatasi ile ile, uliokunjwa upande mwingine, huwa laini kama ukingo wa msumeno usio na meno. Tofauti ya mikunjo hiyo miwili ni mwelekeo wa nyuzi.

Karatasi inapotengenezwa kiwandani, maji yenye nyuzi humwagwa juu ya wavu unaokwenda kwa kasi, na nyuzi nyingi hulala zikifuata mwendo wa mashine. Mkunjo unaofuata nyuzi huzitenganisha tu, lakini mkunjo unaozikata huzivunja. Kuujua mwelekeo huo ni rahisi: kata vipande viwili vyembamba vya kipimo kimoja, kimoja kutoka urefu wa karatasi na kingine kutoka upana wake, uvishike pamoja kwa ncha moja ili ncha ya pili ielee. Kile kinachosimama zaidi kina nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake, na kile kinacholegea na kuinama kimekatwa kinyume. Njia nyingine ni kuchana karatasi kwa mkono, kwani mchano unaofuata nyuzi hunyooka, na unaozikata hupinda ovyo.

Katika bahasha ya mraba uliogeuzwa, mikunjo yote minne huzikata nyuzi kwa mshazari, kwa hiyo hakuna wa kupendelewa na hakuna wa kuharibika peke yake. Tatizo huonekana zaidi kwenye bahasha zilizokatwa kwa kiolezo cha mstatili, zenye maungio pembeni, na kwenye kadi yenyewe. Humo elekeza nyuzi zifuate mkunjo mrefu zaidi, na ile mifupi uifanyie kazi ya ziada ya kuichorea kifereji.

Kifereji huchorwa kwa kitu butu kilichobanwa kwenye rula ya chuma. Biki iliyokwisha wino hufaa kuliko vifaa vingi vya gharama, na mgongo wa kijiko hufaa kwa kusugulia mkunjo baadaye. Wembe haufai hata ukipitishwa polepole, kwa sababu hukata nusu ya nyuzi, na nusu iliyobaki haiwezi kubeba kazi ya wote. Kwa manila nene kuna jambo ambalo watu hulifanya kinyume: karatasi hukunjwa ili kifereji kibaki upande wa nje, na kile kinundu kilichotokeza nyuma kiingie ndani ya mkunjo. Ukikunja kwa kufuata bonde la kifereji, unaibana karatasi mahali ambapo haina nafasi, na tabaka la nje huvutwa mpaka likatike.

Uzito nao huchangia. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba, nayo hukunjika vizuri lakini huonyesha rangi ya kadi iliyomo. Gramu 100 hadi 120 ndizo ninazozipendekeza kwa bahasha. Manila ya gramu 180 na kuendelea iachiwe kadi, kwa sababu ikifanywa bahasha hukaa ikitaka kujikunjua, na gundi hulazimika kupambana nayo usiku na mchana.

Bahasha inajipinda au ina mawimbi

Uzi wa karatasi ukilowa hunenepa sana na hurefuka kidogo tu. Kwa sababu hiyo karatasi nzima hutanuka kwa kukata nyuzi kuliko kwa kuzifuata, na gundi ya maji inapopakwa upande mmoja, upande huo hutanuka, kisha hukauka na kusinyaa ukiuvuta ule mwingine. Hicho ndicho chanzo cha bahasha kujipinda. Tiba yake ni kupunguza maji. Usiichanganye gundi nyeupe na maji ili itoshe kazi nyingi, ipake kwa kipande cha kadi ngumu ili isambae tabaka jembamba, au tumia gundi ya kusugua, ile inayosokotwa itoke kwenye kichupa chake kama rangi ya mdomo, ambayo ina maji machache zaidi. Bahasha zilizokwisha kujipinda zipangwe kati ya karatasi safi, ziwekewe vitabu vizito juu, na baada ya saa moja au mbili karatasi hizo zibadilishwe kwa kuwa zimenyonya unyevu.

Mawimbi kwenye kingo, kabla hata ya gundi, yana asili nyingine. Karatasi iliyokaa kwenye duka lenye kiyoyozi huwa kavu, na ikifika kwenye chumba kilicho wazi huko Temeke au Mbagala hunywa unyevu wa hewa kuanzia kingoni, kwa kuwa katikati ya rundo hewa haifiki. Kingo hutanuka na katikati hubaki ilivyo, na karatasi haina njia nyingine isipokuwa kujikunja mawimbi. Toa karatasi utakazotumia kesho, uzitandaze moja moja usiku kucha katika chumba kile kile utakachofanyia kazi, na nyingine zibaki zimefungwa katika nailoni yake. Ukikata karatasi kabla haijatulia, vipimo vyako vyote vitakuwa vya karatasi ambayo kesho haitakuwepo.

Kifuniko hakishiki, au kimeshika kabla ya wakati

Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilitengeneza bahasha sitini za kadi za mchango kwa ajili ya harusi ya binti wa ndugu yangu. Nilipaka vifuniko gundi ya kulowesha kwa maji, nikavikausha chini ya feni, nikazipanga vizuri kwenye boksi karibu na dirisha, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika. Mvua za masika zilinyesha siku mbili mfululizo. Wanakamati walipokuja kuzichukua, tulifungua boksi na kukuta zaidi ya nusu zimejifunga zenyewe bila kadi ndani. Nyingine tulizifungua kwa mvuke wa sufuria, na nyingine zilichanika mikononi mwetu huku shangazi wa bibi harusi akisimama pale na orodha ya majina.

Gundi niliyotumia haikuwa na kosa lolote. Gundi ya bahasha inayoamshwa kwa ulimi au sponji, iwe ni ile ya utomvu wa mgunga ambayo kwa wingi hutoka Sudan, au ile inayotengenezwa kwa kuchoma wanga, imeundwa ili ikubali maji tena baada ya kukauka, wala haina uwezo wa kutofautisha maji ya ulimi na maji ya hewa. Kati ya Machi na Mei katika mji huu, bahasha ya aina hiyo isifunikwe kamwe kabla ya kutumika. Kifuniko kiachwe wazi kimesimama, bahasha zipangwe zikipishana ili gundi ya moja isiguse karatasi ya nyingine, au pitisha ukanda wa karatasi ya nta chini ya kila kifuniko, kisha zote zitiwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, kwani kazi yake ni hiyo hiyo.

Tangu siku ile, kwa kazi za masika hutumia selotepu ya pande mbili. Naibandika kwenye ukingo wa kifuniko na kuacha kile kikaratasi chake cha juu mahali pake, na mwenye kadi hukibandua siku anapofunga. Kwa kadi za mchango na za mwaliko, ambazo majina huandikwa baadaye na kadi hugawiwa kwa mkono kutoka kwa mwanakamati mmoja hadi mwingine, mara nyingi ni bora zaidi kutotia gundi yoyote na kukifanya kifuniko kiwe cha kuchomekea.

Kifuniko kisichoshika kabisa kina visababishi vyake. Cha kwanza ni kudhani kwamba gundi nyeupe inaweza kupakwa, ikakaushwa, kisha ikaamshwa kwa maji siku ya kutumia. Ikishakauka haiamki namna hiyo, kwa hiyo ipakwe wakati ule ule wa kufunga. Cha pili ni feni. Gundi ya kusugua iliyopakwa chini ya feni inayozunguka kwa nguvu hufanya ngozi juu kabla hujakifikisha kifuniko chini, nawe unadhani umeshikisha gundi mbichi kumbe umeshikisha ngozi. Zima feni kwa dakika hizo chache, au paka bahasha moja na uifunge kabla ya kugusa ya pili. Cha tatu ni karatasi inayong'aa, ambayo uso wake hauinywi gundi, na kwayo selotepu ya pande mbili ndiyo jibu la pekee ninaloliamini.

Madoa, ukungu na mende

Doa la njano au la kahawia linalojitokeza kwenye maungio baada ya miezi michache huashiria gundi ya fundi viatu au selotepu ya bei rahisi, ambazo katika joto hulainika na kupenya kwenye karatasi. Hakuna namna ya kulitoa. Gundi ya unga wa ngano ni nzuri na ya kale, na siwezi kumkataza mtu kuitumia, lakini ipikwe kidogo kidogo, ipakwe nyembamba na ikaushwe siku hiyo hiyo, kwa maana katika unyevu huota ukungu. Ikiwa utakuta kingo za bahasha zimetafunwa kwa vijipengo visivyo sawa, mende wamefuata wanga, na zilizobaki zihamishiwe kwenye chombo kinachofungwa.

Bitana ya kitenge inafumuka, inavimba au inavuja gundi

Bitana ya kitenge ndiyo pambo ninalolipenda kuliko mengine yote, kwa sababu bahasha ya kaki isiyo na makuu hufunguliwa na rangi zikamlaki mtu kabla hajaifikia kadi. Ndiyo pia inayoleta malalamiko mengi, na karibu yote yanatokana na kukitendea kitambaa kama karatasi.

Kitenge kipya kina dawa ya kiwandani inayokifanya kiwe kigumu na chenye kung'aa. Dawa hiyo huifukuza gundi, ambayo hushika kwa siku mbili kisha hubanduka. Kifue, kikauke, kipigwe pasi, ndipo ukate. Ukingo unaofumuka nyuzi umekatwa kwa kufuata mtande au mshindio wa kitambaa, yaani nyuzi zake za urefu au za upana, kwa hiyo ukate kwa hanamu kila unapoweza, kwani ukingo wa hanamu haufumuki kwa urahisi. Pasipowezekana, pitisha gundi nyeupe kidogo kwa ncha ya kidole kwenye ukingo na uiache ikauke kabla ya kubandika.

Gundi inayovuja na kuacha madoa yenye kiza juu ya maua ya kitambaa ni gundi iliyopakwa juu ya kitambaa. Ipakwe juu ya karatasi, nyembamba, na isubiri nusu dakika ipoteze maji yake ya kwanza, kisha kitambaa kilazwe juu bila kusukumwa. Wengine hutumia kile kitambaa cha gundi kinachobandikwa kwa pasi ambacho mafundi cherehani hukitia ndani ya kola. Njia hiyo ni safi kuliko zote, haina tone la maji, na gharama yake ni kuwa na pasi karibu.

Bitana inayovimba na kufanya mkunjo wa kifuniko ukatae kulala imebandikwa yote. Bitana hupita upande wa ndani wa mkunjo, na njia ya ndani ni fupi kuliko ya nje, kwa hiyo kitambaa kilichoshikiliwa pande zote mbili za mkunjo hakina pa kwenda. Ikate iwe ndogo kuliko bahasha kwa milimita 4 kila upande, iingize mpaka chini, paka gundi kwenye sehemu ya kifuniko peke yake, kisha ukunje kifuniko gundi ikiwa bado mbichi ili kitambaa kijitafutie nafasi yake chenyewe. Sehemu iliyo ndani ya mfuko wa bahasha isiguswe na gundi kabisa. Uache pia ukanda wa karatasi tupu wa sentimita moja kwenye ukingo wa kifuniko, kwa kuwa hapo ndipo kifuniko kitakaposhikia.

Wino unatambaa au unafutika

Karatasi ya kaki na karatasi nyingine zilizotengenezwa bila dawa ya kutosha ya kuzuia maji huunywa wino na kuutawanya kufuata nyuzi, na herufi huota manyoya. Karatasi yoyote iliyonywa unyevu hufanya hivyo pia, kwa hiyo kalamu iliyoandika vizuri Januari inaweza kuharibu Aprili. Biki ya kawaida haina tabia hiyo kwa kuwa wino wake ni wa mafuta. Kwenye karatasi inayong'aa tatizo hugeuka: wino hukaa juu bila kunywewa na hufutika kwa kiganja. Uache muda mrefu kuliko unavyodhani, na uandike ukitanguliza karatasi safi chini ya mkono.

Majina yaliyochapwa kwa mashine ya wino wa majimaji huvuja yakiguswa na kidole chenye jasho, ilhali yale ya mashine ya unga hayavuji lakini hupasuka yakipitiwa na mkunjo. Andika au chapa kabla ya kuunganisha bahasha, maana kalamu inayopita juu ya maungio huruka.

Mhuri wa lakiri na safari ya posta

Mshumaa haufanyi kazi ya lakiri, ile nta maalumu ya kugongea mhuri. Nta yake huacha duara la mafuta kwenye karatasi na huvunjika bahasha inapopindwa, na katika gari lililoegeshwa juani, ambamo joto huvuka nyuzi 50, hulainika na kushikamana na bahasha ya jirani. Lakiri yenyewe iliyochanganywa ili iwe na ulaini kidogo huvumilia, lakini kwa bahasha inayokwenda posta ningeomba mhuri uwe ndani, juu ya kadi, mahali ambapo hautabanwa na chochote.

Kwa barua za nchi za nje, Umoja wa Posta Duniani umeweka kipimo cha chini cha milimita 90 kwa 140, kwa hiyo vile vibahasha vidogo vya mkono wa Idi tunavyowagawia watoto havisafiri peke yake. Bahasha ya mraba nayo ifikiriwe mara mbili, kwa maana Marekani, kwa mfano, hutoza nyongeza kwa barua ya mraba inayotumwa huko ndani kwa sababu mashine zao za kupanga barua haziimudu. Kona ya juu kulia ibaki bila pambo, kwa kuwa stempu haishiki juu ya unga wa kumeremeta wala juu ya kitambaa. Kwenye karatasi ya rangi nzito bandika lebo nyeupe iliyokatwa kutoka kwenye kile kipande cha milimita 87, na uandike jina, S.L.P. na mji kwa herufi ambazo karani wa posta atazisoma bila kuinua bahasha kwenye taa.

Ukiwa na kadi nyingi za kutuma kwa wakati mmoja, tuma kwanza moja kwenye sanduku lako mwenyewe, na usizifunge nyingine mpaka hiyo imerudi mikononi mwako na umeitazama maungio, kifuniko na wino.